Dini Shuleni: Kabla Hujautuma Huo Ujumbe Tena



Tangu watoto wa kwanza wa mtaala mpya waingie Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, kuna ujumbe unaozunguka katika makundi yetu ya WhatsApp. Umenifikia kutoka kwa akina mama, umenifikia kutoka kwa vijana, na juzi mzee mmoja wa kanisa aliniletea ameuchapisha kabisa kwenye karatasi. Unasema Mungu ametolewa shuleni, somo la dini limefutwa, na kila Mkristo autume kwa watu kumi. Wengi mmeniuliza, "Pastor, mbona kanisa limenyamaza?"

Leo sinyamazi. Lakini huenda nisiseme ulichotarajia, kwa hivyo nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaniandikia.

Tuanze na ukweli, maana sisi ni watu wa kweli. Katika mtaala huu Elimu ya Dini ni somo la lazima tangu madarasa ya chini hadi Gredi ya 9. Kikosi kazi cha Rais kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu kilipopendekeza masomo ya sekondari msingi yapunguzwe, yalibaki tisa, na Elimu ya Dini ni mojawapo ya hayo tisa. Mtoto wako aliifanyia mtihani katika KJSEA ya mwaka 2025. Kwenye ratiba kuna pia kipindi kimoja kila wiki cha malezi ya kiroho, kile walimu wanachokiita PPI. Kinachobadilika ni Gredi ya 10. Hapo mwanafunzi anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. CRE iko kwenye sayansi za jamii, pamoja na ndugu zake, IRE ya Waislamu na HRE ya Wahindu. Anayeitaka anaichagua.

Na wakati wa 8-4-4 ilikuwaje? Kumbuka vizuri. Ukifika Kidato cha Tatu ulichagua. Wengi wenu mnaonisoma hapa mliiacha CRE mkachukua Jiografia au Historia, na hakuna aliyesema mmemwacha Mungu. Wengine mliichukua kwa sababu mliambiwa ndiyo rahisi kupata A. Tusijifanye hatujui.

Kwa hivyo anayesema dini imefutwa anasema uongo, hata kama anausema kwa jina la Yesu. Usiutume.

Sasa, hofu iliyo chini ya ujumbe ule naielewa, na siicheki. Wewe unatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kupanda matatu, unarudi saa tatu usiku. Mtoto yuko bwenini Machakos au Nyeri miezi mitatu. Simu yake inamfundisha mambo ambayo wewe hujui hata majina yake. Unasoma habari za mabweni yanayochomwa na wanafunzi wenyewe, za dawa za kulevya, na unajiambia, angalau shuleni wanamfundisha Neno. Ukiambiwa hata hilo limeondolewa, moyo unakushtuka.

Lakini hebu tuulizane. Nani alimwambia Mwisraeli afundishe watoto wake amri za Mungu? Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Pale Musa hasemi na walimu wa Farao, wala hasemi na Walawi peke yao. Anasema na mzazi. Anamtajia saa za kufundisha: akiwa amekaa nyumbani, akiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Na Timotheo, imani yake Paulo anaifuata nyuma hadi kwa mama yake Eunike na nyanya yake Loisi. Baba yake alikuwa Myunani, na mji wao Listra ulikuwa mji wa masanamu. Wakimbizi wa Mungu ndani ya mji ule walikuwa wanawake wawili na mtoto mmoja, na ikatosha.

Sisi tumeikodisha kazi hii. Tumempa mwalimu wa shule ya umma, mwenye wanafunzi hamsini na chaki moja, kazi ya kumlea mtoto wetu kiroho, kisha tunamlaumu serikali.

Nieleze kwa mfano. Dada mmoja wa kanisa letu anafundisha CRE katika shule ya umma hapa upande wetu. Shule siitaji. Aliniambia mwaka jana kwamba mwanafunzi aliyeongoza darasa lake katika CRE ni binti wa Kiislamu. Shule haina mwalimu wa IRE, kwa hivyo binti huyo na wenzake wachache wanakaa kwenye CRE na wengine. Yeye anajua safari za Paulo kwa mpangilio. Anajua Amosi alitoka Tekoa. Anajua karama za Roho Mtakatifu zilizoorodheshwa katika 1 Wakorintho 12, na nina hakika akishindanishwa na vijana wetu wa kwaya atawashinda wengi.

Je, ameokoka? La. Amesoma. Hayo ni mambo mawili, na mtihani unapima moja tu. Nami sioni ubaya wowote hapo, kwa sababu mtihani hauwezi kupima lile la pili, wala mimi nisingetaka ofisi yoyote ya serikali ijaribu kulipima. Siku ambayo Baraza la Mitihani litaanza kutoa alama za kuzaliwa mara ya pili, mimi nitakuwa wa kwanza kuandamana.

Lakini dada yule aliniambia jambo lingine, na hilo ndilo limenikosesha usingizi. Kuna asubuhi za maombi pale shuleni. Wanafunzi wote wanasimama uwanjani, mwalimu wa zamu anaomba kwa jina la Yesu, mara nyingine kwa kunena kwa lugha. Wale mabinti wa Kiislamu na vijana wawili wa Kihindu wanasimama pale pale, wameinamisha vichwa, maana asiyeinamisha anaitwa mtovu wa nidhamu. Nikamuuliza, "Wewe unasemaje?" Akasema, "Pastor, mimi pia nilikuwa nafurahia, hadi siku moja nilipomwangalia yule msichana usoni."

Sasa geuza picha. Baadhi ya washirika wetu ni walimu, na mnaikumbuka sera ya TSC iliyokuwa ikiwahamisha walimu mbali na makwao. Chukua kwamba umehamishiwa Wajir au Lamu, umeenda na mwanao wa miaka kumi na miwili. Shule ina mwalimu wa IRE tu. Mwanao anakaa darasani humo, sawa, atajifunza. Lakini kila asubuhi anasimamishwa uwanjani kwa dua ambayo si ya kwenu, na akinyamaza anaadhibiwa. Ungenipigia simu usiku huo huo. Ungeniambia tufunge na kuomba. Ungetafuta wakili. Na mimi ningekuwa upande wako, na Katiba ingekuwa upande wako pia.

Bwana wetu alisema katika Mathayo 7 kwamba tuwatendee wengine yale tunayotaka watutendee, na akaongeza kwamba hiyo ndiyo torati na manabii. Hakusema isipokuwa shuleni.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema mambo mawili ambayo kila Mkristo wa Kenya anafaa kuyajua. Kifungu cha 8 kinasema nchi hii haina dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu, na kinakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo linalopingana na imani yake. Hicho cha 32 ndicho kinachoturuhusu sisi kufunga barabara kwa mkutano wa injili tukiwa na kibali. Na ndicho kinachomlinda yule binti.

Mahakama zetu zimekizungukia kifungu hiki sana. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisimama na wanafunzi Waadventista Wasabato waliokuwa wakilazimishwa kuingia darasani Jumamosi. Hao ni ndugu zetu katika Kristo, nasi tulishangilia. Mwezi wa Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba msichana wa Kirastafari aliyekuwa amefukuzwa shule Kibra kwa sababu ya nywele zake arudishwe darasani. Hapo makofi yetu yalipungua. Na ile kesi ya Isiolo, kati ya Kanisa la Methodist na wazazi waliotaka mabinti Waislamu wavae hijabu katika shule ya St Paul's Kiwanjani, hiyo ilipanda ngazi zote. Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa, Mahakama ya Rufaa ikageuza mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo ya Rufaa, hasa kwa sababu ya jinsi suala lenyewe lilivyoletwa mahakamani. Wengi wetu tulisema Bwana ametupa ushindi. Mimi sioni ushindi ulikuwa wa nini. Swali lenyewe la mtoto na kitambaa chake lilirudi kwa bodi za shule na wizara, na liko huko hadi leo, linawasubiri watu wenye hekima.

Angalia kesi hizo tatu. Msabato, Rasta, Mwislamu. Kifungu ni kile kile. Hakuna kifungu cha Wapentekosti. Tukikitoboa ili mwingine asikitumie, siku ya mvua tutajikuta sisi wenyewe chini ya lile tundu.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini Pastor, shule hizi zilijengwa na kanisa." Nyingi, ndiyo. Wamishonari ndio walioanzisha kusoma na kuandika katika sehemu kubwa ya nchi hii, tangu enzi za Krapf kule Rabai, na Alliance High School ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini historia ile ina ukurasa mwingine ambao hatuusomi kwa sauti. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, baadhi ya misheni ziliwataka waumini na walimu wakane tohara ya wanawake la sivyo watengwe. Mimi naikataa tohara hiyo kabisa, na wamishonari walikuwa sahihi kwamba inaumiza wasichana. Lakini waliushika mlango wa shule wakaufanya fimbo. Ikawaje? Maelfu ya watu wakaondoka na watoto wao, wakaanzisha shule zao wenyewe, zile za Karing'a na za muungano ulioitwa KISA, na baadaye chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939. Tohara yenyewe haikuisha kwa amri ile. Familia nyingi zikaona injili na mkoloni ni kitu kimoja. Ukizungumza na wazee wa Kiambu bado utaisikia harufu ya moshi wa moto ule.

Baada ya uhuru serikali ilichukua usimamizi wa shule, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikayafanya makanisa kuwa wafadhili. Katika miaka ya 1970 Wakatoliki na Waprotestanti wakakaa meza moja wakatengeneza mtaala wa pamoja wa CRE, jambo ambalo babu zao wasingeamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 bado inampa mfadhili nafasi: kushauri kuhusu mambo ya kiroho, kuleta kasisi kwa gharama yake mwenyewe, kukaa kwenye bodi, hata kutoa maoni kuhusu vitabu. Lakini inamtaka pia ailinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau.

Na sisi wa Parklands tuna sababu ya ziada ya kuikumbuka. Hapa kwetu hujui jirani ni wa dini gani hadi uone viatu vimepangwa mlangoni. Alfajiri unasikia adhana. Ukishuka Forest Road, siku hizi Wangari Maathai, unapita mandir ya Swaminarayan. Mwezi wa Diwali fataki zinatupigia kelele kwenye mkesha wetu, nasi tunawapigia kelele kwa spika mwaka mzima, kwa hivyo tusihesabiane sana. Baadhi ya shule za eneo hili zilianzishwa na jamii za Wahindi, na leo zimejaa watoto wa Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakamba, wengi wao watoto wa washirika wangu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia mwanawe alilazimishwa kusujudia kitu pale.

Sasa vitabu. Kuna mama aliniletea kitabu cha CRE cha Kidato cha Kwanza cha mwanawe mkubwa, amekifungua mahali palipoandikwa kuhusu urithi wa dini za Kiafrika: jinsi wazee wetu walivyomwelewa Mungu, roho, na mababu waliokufa. Amepigia mstari mwekundu. "Pastor, wanafundisha mizimu!" Nikamwomba akae tukisome pamoja. Kitabu hakimwambii mtoto amwage pombe chini. Kinamweleza kwamba babu yake alijua yuko Mungu mmoja kabla meli ya kwanza ya mmishonari haijatia nanga Mombasa. Kwangu mimi hilo si tishio. Paulo alipofika Athene, Matendo 17, alizunguka akatazama madhabahu zao moja moja, na alipohubiri akaanzia kwenye madhabahu yao na maneno ya washairi wao. Angewezaje kama asingejua? Mtoto wako akienda ushago kwa mazishi, ataona mambo. Ni heri awe ameyasikia kwanza mahali ambapo anaweza kuuliza.

Ni vivyo hivyo na lile la binadamu wa kale. Mnakumbuka mwaka 2006, Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill, karibu kabisa na sisi, yalipokuwa yakifanyiwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo, mtumishi ninayemheshimu, aliongoza kampeni ili yale masalio ya kale yasiwekwe mbele kana kwamba ndiyo ukweli wote kuhusu asili yetu. Richard Leakey alipinga vikali. Masalio yalibaki. Yumo yule mvulana wa Turkana aliyegunduliwa na kikosi cha Kamoya Kimeu mwaka 1984, mifupa inayokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka milioni 1.5. Mimi naamini Mungu ndiye aliyeumba mbingu na nchi, na sitabadilika. Huwa nawapeleka watoto wa shule ya Jumapili pale, wanaiona mifupa ile, wanauliza maswali magumu, tunarudi kanisani tunafungua Mwanzo sura ya 1 tukiwa na maswali hayo mkononi. Mungu aliyeumba hajaogopa mfupa wowote.

Na Danieli? Danieli sura ya 1 ni habari ya shule ya serikali. Walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo miaka mitatu, chini ya mfalme mpagani, wakapewa hata majina ya miungu ya kigeni. Hawakukataa darasa. Walikataa chakula, kwa sababu hapo ndipo dhamiri yao ilipoguswa. Na mtihani ulipofika, waliwashinda wote. Sisi leo tunataka Babeli ipike chakula chetu na pia ifundishe Torati yetu.

Kuhusu siku za maombi ya mitihani nitasema kidogo tu. Mwaka 2016 waziri Fred Matiang'i alipozipiga marufuku katika muhula wa tatu, makanisa yalilalamika sana. Lakini sote tulijua sababu: wizi wa mitihani ulikuwa umeingia kwa mlango wa wageni. Ombea mtoto wako. Nitamwombea pamoja nawe. Lakini usiniletee kalamu hamsini nizipake mafuta, maana kalamu haisomi.

Sasa nifike mahali panapouma.

Mwezi wa Aprili 2023 nchi hii ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Miili zaidi ya 400. Wengi walikuwa watoto. Paul Mackenzie, aliyekuwa mhubiri wao, kesi yake iko mahakamani na mimi sitaiamua hapa. Lakini jambo moja lilijulikana miaka mingi kabla ya hapo: alihubiri dhidi ya masomo ya shule, na mwaka 2017 alikamatwa na kushtakiwa kuhusu mambo hayo hayo ya kufunza watoto nje ya utaratibu. Watoto walitolewa shuleni kwanza. Msitu ulikuja baadaye.

Natamani ulifikirie hilo polepole. Wale watoto hawakufa kwa sababu serikali iliondoa Biblia darasani. Walikuwa na Biblia asubuhi, mchana na usiku. Kilichoondolewa ni darasa. Kilichoondolewa ni mwalimu wa kawaida, asiyejiita nabii, anayesema, "Fungueni Luka sura ya 4. Yesu alifunga siku ngapi? Baada ya hapo nini kilitokea?" Na mtoto wa nyuma anainua mkono anauliza, "Mwalimu, kwani yeye alikula baadaye?" Ndiyo, alikula. Alikula na wavuvi, alikula na watoza ushuru, alikula samaki hata baada ya kufufuka. Swali dogo kama hilo, likiulizwa mahali ambapo hakuna anayekuita mwasi kwa kuuliza, linaweza kuokoa uhai wa mtu.

Ndiyo maana naipenda CRE, na ndiyo maana ningependa mwanao aichague kama mkondo wake unaruhusu. Siipendi kwa sababu inamwokoa. Naipenda kwa sababu inamfundisha kusoma Maandiko kwa mpangilio, kujua nani alisema nini kwa nani, na kutofautisha kilichoandikwa na kilichoongezwa na mhubiri. Wayahudi wa Beroya walisifiwa katika Matendo 17 kwa kumpima Paulo mwenyewe kila siku kwa Maandiko. Nataka mtoto wako awe na uwezo wa kunipima mimi. Nikisimama madhabahuni siku moja nikasema jambo la ajabu, nataka awe na umri wa miaka kumi na minne na ajue kwamba halimo.

Na ninataka hivyo hivyo kwa mtoto wa jirani. Mwislamu aliyefundishwa dini yake na maalimu mwenye elimu, kwa utaratibu, si rahisi kudanganywa na mtu wa intaneti anayemwita vitani Somalia. Tumezika watu wa kutosha katika nchi hii, Westgate iko mwendo mfupi tu kutoka hapa, kwa hivyo tusijidai kwamba mafundisho ya dini ya jirani hayatuhusu.

Kwa hivyo nimefanya jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Nimewaomba wazee wa kanisa tuandike barua kwa bodi ya ile shule anayofundisha dada yetu, tuunge mkono ombi la wazazi Waislamu kwamba maalimu aruhusiwe kuja wakati wa kipindi cha CRE kuwafundisha wale mabinti IRE, na kwamba maombi ya asubuhi yasimlazimishe mtu. Wazee wawili hawakukubali. Mmoja aliniuliza kama sasa tunaeneza Uislamu. Nilimjibu kwamba naamini Yesu ndiye njia, na ndiyo maana sihitaji kiboko cha mwalimu wa zamu kunisaidia kulihubiri hilo. Bado tunazungumza. Tunaheshimiana. Barua haijatumwa.

Wale wenu mlio walimu, msisubiri barua. Muulize mtoto anayekaa nyuma kama ana mahali pa kwenda kipindi hicho. Wale mnaokwenda shuleni kwa niaba ya kanisa kwenye vipindi vya PPI, mkumbuke yale tuliyokubaliana: mwalimu mkuu ajue mada mapema, hakuna sadaka, hakuna kutoa mapepo, na mtoto ambaye si wetu asizuiwe kutoka. Fundisheni vizuri na mrudi.

Na wewe mzazi, wiki hii chukua kitabu cha dini cha mwanao ukisome. Chote. Kama ni wa Gredi ya 4, hakitakuchukua hata saa mbili. Kisha ukae naye, umuulize amejifunza nini, umsikilize kabla ya kumsahihisha.

Jumatano saa kumi na mbili jioni, badala ya ibada ya kawaida ya katikati ya wiki, tutakaa na vitabu hivyo mezani. Njoo na cha mwanao, na uje na mwanao pia. Yule mzee aliyeuliza kuhusu Uislamu amekubali kuongoza maombi ya kufungua, na dada yetu mwalimu atakuwepo kujibu maswali. Watakaotoka mbali, geti la nyuma litakuwa wazi, maana la mbele linakarabatiwa. Chai itakuwepo.

Pastor wenu, Parklands.